Deni la Chokaa

Nalichoma matumbawe,
miaka, mawe kwa mawe,
vidole vikawa jiwe,
Kisauni, kwa chokaa.

Nyumba nyingi za mjini
zina jasho la usoni
mwangu, limo ukutani,
jeupe, limekomaa.

Uzee ulipofika,
tanuri likazimika,
mbuzi jike nikasaka
wa kunyweshea mtaa.

Jina lake ni Kauri,
mweupe, macho hodari;
lita tatu kwa fajiri,
ndoo povu likajaa.

Mimba ya tatu tumboni,
watatu wamo foleni,
nami nimo hesabuni
ya siku zake kuzaa.

Akajifungua vyema.
Wawili wakasimama,
wa tatu akalalama
hadi ziwa kulitwaa.

Kesho yake namkuta
miguu aikokota,
shingo nyuma aivuta,
machoni amezubaa.

Masikio nikashika:
baridi! Nikagutuka.
Ngozi yamtetemeka,
goti likamkataa.

Jirani Mwanakhamisi,
buibui la upesi:
"Hili jicho la nuhusi,
mwekee udi, mkaa."

Akaja muuza nyama,
jicho lake lampima:
"Chinja angali mzima,
akifa, hatatufaa."

Mimi nikapiga simu
kwa Nyamvula, mhitimu
wa mifugo. Yumo zamu.
"Nipe tu," kasema, "saa.

Kaa naye hapo chini,
mtegemeze mbavuni,
asilale mgongoni,
tumbo lisije kujaa."

Akaja kwa bodaboda,
asisalimu kwa muda;
kamshika kama dada,
akasikiza, kakaa.

"Wana wangapi?" "Watatu."
"Umekama?" "Mara tatu."
"Hapana jicho la mtu.
Kilichokwisha: chokaa.

Mifupani mwake imo
tele, isiyo kikomo,
ila damuni haimo:
maziwa yameitwaa.

Ghalani yumo bawabu,
kalala bila ya tabu;
leo, hodi za ghadhabu,
kaamka, kapumbaa.

Msuli bila madini
hayo, hauna makini,
na moyo umo kundini,
nao waweza kataa."

Chupa kanipa: "Ipashe
majini, usichemshe,
joto la mwili litoshe."
Nikenda nikiduwaa.

Mikono iliyojenga
tanuri, mawe kupanga,
chupa leo yaikinga
ya vijiko vya chokaa.

Ukuta wangu, kisima,
kaburi la wangu mama,
mbuzi alipoegama,
ni chokaa, ni chokaa!

Kumbe damu ya kiumbe
haili ukuta, kumbe;
yadai chembe kwa chembe
na wakati wa kufaa.

Sindano, shingoni, pole,
tone hili, tone lile.
"Ukikimbia, milele
huo moyo utakaa."

Naye udi afukiza
jirani; sikumkwaza.
Mwenye kisu anawaza,
mlangoni amejaa.

Kauri akacheua,
sikio kaliinua,
haja akaifungua,
kasimama. Nikakaa.

Muuza nyama kaaga
kama mgeni wa soga.
"Basi," anena kwa woga,
"nilipita kushangaa."

Mwanakhamisi kasema:
"Udi wangu una wema."
Nyamvula akatazama
chupa; hakulikataa.

Ila mimi kanishika:
"Mzee, sasa kumbuka,
maziwa ukiyataka,
nawe ujue kukaa.

Usimkame kwa pupa
siku za mwanzo. Kukupa
kwake, ni kama kulipa
deni asilolitwaa.

Mimba ijayo, niite
mapema, na usisite,
ili bawabu apate
siku za kujiandaa."

Mama alikosa meno.
"Kila mwana," lake neno,
"aliondoka na jino."
Tulicheka kila saa.

Leo nacheka? Siwezi.
Nakaa hapa na mbuzi;
wana watatu, ni wezi,
wainywa ile chokaa.